Tumkumbuke siku gani? Stori za nyuma ya "siku kama ya leo"

Kama umewahi kusikiliza redio asubuhi ukasikia "siku kama ya leo, mwaka fulani, alizaliwa fulani", jua kuna mtu ameikalia hiyo sentensi kabla mtangazaji hajaisoma. Mtu huyo ni mimi, au wenzangu wanaofanya kazi kama yangu. Nakusanya tarehe za waandishi, wanamuziki na wanamichezo, naziandalia maneno ya dakika mbili hivi, prodyuza anatafuta wimbo wa kupita chini yake, imeisha hiyo. Wengi wanadhani ni kazi ya kugugo jina, kukopi na kupesti, na kusema ukweli wapo wanaoifanya hivyo, ndo maana kila mwaka unakutana na posti ileile yenye kosa lilelile na nukuu ambayo mwenyewe sijui kama aliwahi kuitamka.

Swali ninaloulizwa sana ni je, tumkumbuke mtu siku aliyozaliwa au siku aliyofariki? Jibu langu huwa linawaudhi watu: mara nyingi mi nakwepa zote mbili. Natafuta siku aliyofanya kile kilichotufanya tumpende, siku ya mbio zenyewe, siku kitabu kilipotoka, mwaka sauti yake ilipoingia kwenye santuri. Nitaeleza kwa nini, ila kwanza tuone hizo tarehe mbili za kawaida zinavyosumbua.

Tuanze na kuzaliwa. Mtoto akizaliwa hakuna anayejua atakuja kuwa nani, kwa hiyo hakuna anayehangaika kuandika vizuri. Mchukulie Pelé. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema Oktoba 21, 1940, mwenyewe maisha yake yote alisema 23. Hata jina kwenye cheti ni Edison, yeye alijiita Edson. Sasa wewe muandaaji unafuata karatasi au unamfuata mwenye siku yake? Mi kwa Pelé nafuata 23, kwa sababu ndo siku aliyopongezwa na dunia nzima akiwa hai, alafu naongeza nusu sentensi kuhusu cheti, watu wanapenda hizo nusu sentensi kuliko unavyodhani.

Louis Armstrong, au Satchmo kwa jina la utani, ndo kali zaidi. Yule mzee wa tarumbeta alisema siku zote kwamba alizaliwa Julai 4, 1900, yaani sikukuu ya uhuru wa Marekani, tena kwenye mwaka wa namba nzuri kabisa, ukisikia tu unahisi kama imepangwa. Akafariki Julai 6, 1971, watu wakaendelea kuiandika hivyohivyo vitabuni, mpaka miaka ya 1980 ilipopatikana kumbukumbu ya ubatizo wake kanisani New Orleans ikionyesha alizaliwa Agosti 4, 1901. Maana yake ni kwamba zile sherehe kubwa za kutimiza miaka 70 alizofanyiwa Julai 1970, jamaa alikuwa na miaka 68! Hakuna aliyemdanganya mtu kwa makusudi, enzi hizo watu wengi hawakuwa na cheti na walijipangia siku wanayoipenda. Siku hizi mi naweka Agosti 4, na kila Julai 4 najua lazima kuna msikilizaji atatuma meseji kuuliza mbona mmemsahau Satchmo.

Shakespeare naye ni vilevile, tunachokijua kwa uhakika ni kwamba alibatizwa Aprili 26, 1564. Hiyo Aprili 23 mnayoiona kila mahali ni makisio tu, na imependwa zaidi kwa sababu alifariki Aprili 23, 1616. Beethoven pia, kilichoandikwa ni ubatizo wa Desemba 17, 1770, ile 16 ni kukisia siku moja nyuma.

Alafu kuna wale ambao tarehe haipo kabisa. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, tunajua alifariki Aprili 17, 2013, lakini kuzaliwa kwake ni "kwenye miaka ya 1910" na ubishi wa mashabiki juu yake. Hapo ushauri wangu ni mmoja: acha pengo. Ukishaweka tarehe ya kubuni ili posti yako ipendeze, ndani ya miaka miwili utaikuta kwenye tovuti nyingine kama ukweli, na wewe mwenyewe utakuja kuitumia kama ushahidi. Nawaambia vijana ninaofanya nao kazi, Januari 1 yoyote itazameni mara mbili. Si kwamba hakuna wanaozaliwa siku hiyo, Shaaban Robert vitabu vinamtaja Januari 1, 1909 na hata mi naiweka, ila programu nyingi za kompyuta ukizipa mwaka bila siku zinajaza Januari 1 zenyewe, na karani akiambiwa "mwaka fulani" bila tarehe naye anafanya hivyohivyo.

Kosa la tarehe si la zama zetu tu. Robert Burns, mshairi wa Scotland, alifariki Julai 21, 1796. Miaka mitano baadaye, 1801, marafiki zake wakakaa pamoja tarehe hiyohiyo ya kifo wakala, wakasoma mashairi yake, ndo ikawa chakula cha kwanza cha kumkumbuka. Baadaye watu wakahamia kwenye kuzaliwa, na kuna klabu iliyofanya yao Januari 29, wakidhani ndo yenyewe, mpaka walipokwenda kuangalia kitabu cha parokia wakakuta ni Januari 25, 1759. Leo Januari 25 inasherehekewa kila walipo Waskoti. Angalieni hapo mambo mawili: walianza na kifo wakaishia na kuzaliwa, na kilichowasaidia ni kwenda kufungua daftari lenyewe badala ya kuulizana.

Sasa kifo. Unaweza ukadhani hapa ni rahisi, mtu akishakuwa maarufu kila gazeti linaandika. Si rahisi kihivyo. Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema, alifariki Aprili 10, 2020 baada ya kugongwa na gari Nairobi, ila habari zilitufikia Aprili 15 ndugu zake walipompata mochwari. Wengi wetu maumivu tuliyapata tarehe 15, kwa hiyo kila mwaka utaona posti zinamiminika siku hiyo, na wengine wanaandika kabisa kwamba ndo siku aliyofariki. Miriam Makeba alitoka jukwaani Castel Volturno, Italia, akaanguka, ilikuwa usiku wa kuamkia Novemba 10, 2008, ndo maana kuna wanaosema 9 na wanaosema 10. Mambo ya usiku wa manane yako hivyo siku zote. Mi nikikuta tarehe mbili zinazopishana siku moja, kitu cha kwanza naangalia saa na mahali, mara nyingi ugomvi unaishia hapo.

Lakini tatizo langu kubwa na tarehe ya kifo si usahihi. Ni kwamba inameza kila kitu. Hebu tuwaangalie wakimbiaji wawili. Samuel Wanjiru alifariki Mei 15, 2011 akiwa na miaka 24. Kelvin Kiptum alifariki Februari 11, 2024, naye akiwa na miaka 24. Ukiwakumbuka tarehe hizo, ujiandae, maana maongezi yatakuwa yaleyale kila mwaka, nani alikuwepo, ilikuwaje, mbona hivi mbona vile, na siwalaumu watu, kifo cha kijana kinauma na kina maswali. Ila Wanjiru kwangu ni Agosti 24, 2008, Beijing, joto kali na unyevu, watu wote wakitegemea marathoni ya taratibu ya kuviziana, kijana wa miaka 21 akaanza kwa kasi kama vile hajaambiwa kuna kilomita 42, akamaliza kwa saa 2:06:32, rekodi ya Olimpiki, na ikawa dhahabu ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki kwa Kenya. Waliojua mbio siku ile walisema huwezi kukimbia hivyo kwenye joto lile, na akakimbia. Na Kiptum ni Oktoba 8, 2023, Chicago, saa 2:00:35, hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kwenda kasi hiyo kwenye marathoni rasmi mpaka siku ile, na ilikuwa marathoni yake ya tatu tu maishani! Rekodi iliidhinishwa siku chache tu kabla hajafariki. Nikipanga kalenda, Agosti 24 na Oktoba 8 zinapewa dakika, Mei 15 na Februari 11 zinapewa sentensi moja ya heshima basi.

Faida nyingine ya tarehe ya kazi ni kwamba inakuruhusu kumsifu mtu angali anapumua. Oktoba 12, 2019 Eliud Kipchoge alikimbia Vienna kwa saa 1:59:40, na ukiiandika hiyo usisahau kwamba haihesabiwi kama rekodi ya dunia kwa sababu ya mpangilio wa wale waliokuwa wanamvuta, kila mwaka lazima kuna mtu anaiandika vibaya. Sasa Oktoba 12 hiyohiyo, mwaka 1989, ndo Franco Luambo, yule mwanamuziki wa Zaire, alifariki kule Namur, Ubelgiji. Nifanyeje? Huwezi kuweka shangwe ya Vienna alafu sekunde mbili baadaye "tunamkumbuka Franco". Mi nimewatenganisha, Kipchoge anabaki na Oktoba 12, Franco namhamishia Julai 6, siku aliyozaliwa mwaka 1938, anapigwa asubuhi nzima na gitaa linapewa muda wa kufika kwenye seben, ile sehemu ya kuchezea, badala ya kukatwa katikati. Kuna wadau wananinunia kwa hilo, wanasema kifo cha Franco kilikuwa cha taifa zima, Zaire iliomboleza siku nne. Ni kweli, ila muziki wake haukutungwa kwa ajili ya dakika mbili za huzuni.

Sasa nije kwenye tarehe ninayoipenda kuliko zote, Oktoba 20, 1968, Mexico City. Siku moja tu hiyo. Kipchoge Keino wa Kenya (si yule Eliud wa Vienna) anakimbia mita 1,500, wiki moja nyuma ameanguka kwenye mita 10,000 kwa maumivu ya tumbo, na bado anamwacha Jim Ryun wa Marekani mbali kabisa. Siku hiyohiyo Mamo Wolde wa Ethiopia anashinda marathoni. Na kwenye marathoni hiyohiyo yupo John Stephen Akhwari wa Tanzania, ameanguka njiani, goti limeumia, mguu umefungwa bendeji, anaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, giza linaingia, watu wengi wameshaondoka. Waliomaliza walikuwa 57, yeye wa mwisho, saa 3:25:27. Sikiliza sasa: Mexico iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tisa. Wakati jua linazama kule, huku ilikuwa saa tisa usiku, tena tayari ni Oktoba 21. Kwa hiyo aliyekuwa amelala Dar es Salaam usiku ule, kwa kalenda ya ukutani kwake, Akhwari alimaliza tarehe 21. Mi naweka 20 kwa sababu kanuni yangu ni tarehe ya mahali tukio lilipotokea, ukianza kuhamisha masaa hutamaliza, ila asubuhi ya 21 nayo naitumia kuwaambia wasikilizaji kwamba saa zilezile za usiku mkiwa mmelala ndo mtu alikuwa anachechemea kuzunguka uwanja.

Maneno yake maarufu kwamba nchi yake haikumtuma aanze mbio bali azimalize, yapo kila mahali, lakini kuna posti zinaweka maili 5,000, nyingine 7,000, kila mtu na umbali wake. Kwa hiyo mi naeleza alichosema kwa maana yake, alama za kunukuu siweki. Na hiyo ndo sheria yangu kwa nukuu zote za kwenye picha nzuri nzuri: kama huwezi kuniambia ni ukurasa gani au mahojiano gani, haiingii hewani.

Kalenda zenyewe nazo zina vituko vyake. Aprili 23 ni Siku ya Vitabu Duniani, UNESCO waliipitisha 1995, na sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba Shakespeare na Cervantes, mwandishi wa Hispania, walifariki tarehe hiyo mwaka 1616. Tarehe moja sawa, siku moja hapana. Hispania ilikuwa imeshahamia kalenda ya Gregori, Uingereza ilikuwa bado kwenye ya Juliasi, wakati huo ikiwa nyuma kwa siku kumi, wakaja kuhama 1752. Shakespeare ukimhamishia kwenye kalenda yetu anaangukia Mei 3. Na Cervantes mwenyewe inasemekana alifariki tarehe 22, ile 23 ni ya maziko. Pushkin, mshairi wa Urusi, ni mfano safi zaidi, kwa kalenda ya zamani ya Urusi alizaliwa Mei 26, 1799, leo anasherehekewa Juni 6, na hakuna anayebishana maana walishakubaliana. Wanaohesabu kwa kalenda ya Kiislamu nao hauli inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo usiwaambie wamekosea ukiona haigongani na yako.

Ila kuna mahali kalenda ya wengine inakupa zawadi. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Roma Septemba 10, 1960, pekupeku, jioni, askari wakiwa wameshika mienge barabarani, mwisho wa mbio ukiwa kwenye Tao la Konstantino, saa 2:15:16. Hayo yote watu wanayajua. Sasa fungua kalenda ya Ethiopia: mwaka mpya wao mwaka ule ulianza Septemba 11. Yaani Bikila alishinda kwenye mkesha wa mwaka mpya, Waethiopia wakaamka mwaka 1953 wao wakiwa na dhahabu ya Olimpiki. Nilipoliona hilo niliacha chai ipoe.

Kidogo kuhusu mambo ya sheria, kwa sababu nayo inategemea tarehe. Ukitaka kusoma shairi zima hewani au kuliweka mtandaoni siku ya kumbukizi, mwaka wa kifo cha mwandishi ndo unakuambia kama unahitaji ruhusa. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unataka haki zidumu angalau miaka 50 baada ya kifo, nchi nyingi zimeenda mpaka 70, na miaka inahesabiwa kuanzia Januari 1 ya mwaka unaofuata, siyo tangu siku ya kifo chenyewe. Angalia sheria ya nchi yako kabla ya kujirusha. Kwa wimbo ni pagumu zaidi, kuna mtunzi, kuna waliorekodi, kila mmoja na haki yake.

Watu pia wananiuliza maneno yenyewe yaandikwe vipi. Mi naandika kitu kimoja tu kuhusu mtu. Ukianza na "alizaliwa, akasoma, akaoa, akatunukiwa, akafariki" umeshampoteza msikilizaji kwenye "akasoma". Siti binti Saad nikimuweka nasema alivuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili, alafu naacha santuri iimbe yenyewe na mikwaruzo yake yote. Siku nyingine nasema kwamba Shaaban Robert alikaa akaandika wasifu wa Siti, mwandishi mkubwa kamtumikia mwimbaji, hiyo peke yake inatosha kipindi. Kezilahabi nikimuweka, namuomba mtangazaji asome aya moja ya Rosa Mistika, riwaya ya 1971, anasoma taratibu bila muziki chini, na simu zinazoingia baadaye ni za watu wanaouliza kitabu kinapatikana wapi. Hizo simu ndo kipimo changu, zile laiki na emoji za mishumaa hata sizihesabu.

Mwisho ni hizi namba za duara, miaka 50, miaka 100. Wahariri wanazipenda na mi sina ugomvi nazo, zinasaidia kupata bajeti na kumfanya bosi asikilize. Shida ni kwamba kila mtu anakumbuka wiki mbili kabla. Kwa hiyo niwape moja mapema: 2038. Mwaka 1938 alizaliwa Ngũgĩ wa Thiong'o, Januari 5, akazaliwa Franco, Julai 6, akazaliwa Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, Oktoba 15. Miaka mia ya watu watatu hao itaangukia mwaka mmoja. Fela ameshajengewa njia yake, Felabration inafanyika kila Oktoba tangu 1998, binti yake ndo aliianzisha, na si ajabu imechagua kuzaliwa badala ya ile Agosti 2 aliyofariki. Ngũgĩ ametuacha Mei 28, 2025, waliofanya naye michezo ya kuigiza miaka ya 1970 umri umeenda. Waliopiga na Franco kwenye OK Jazz wanazidi kupungua. Kwa hiyo kama una redio, podikasti, au simu tu yenye nafasi ya kurekodi, na unamfahamu mtu aliyekuwepo jukwaani, studio au kwenye ile baraza la mazoezi, nenda ukamrekodi mwaka huu. Muulize vitu vidogo, nani alikuwa anachelewa mazoezini, gitaa lilikuwa la nani, walilipwa vipi, na umwambie ataje tarehe anazozikumbuka hata kama hazilingani na za vitabuni. Faili liweke jina la mtu, mahali na tarehe uliyorekodi, nakala mbili sehemu mbili tofauti.